Pombe ya Mama Bukuru na Uongo Wangu

Kasanda, Jumapili jioni, Novemba 1976

Mvua imenyesha tangu mchana, sasa yamebaki manyunyu. Nimekaa karibu na dirisha kwa sababu mwanga bado upo na sitaki kuwasha taa. Baba yuko chumbani kwake, amelala au amejilaza tu, sijui. Hajataka chai. Mama bado yuko Kasulu kwa dada yangu aliyejifungua, na leo nimejikuta nashukuru kwamba hayupo. Hilo nalo ni la aibu, mtu kushukuru kwamba mama yake yuko mbali.

Nimelikwepa daftari hili wiki nzima. Leo naandika yote tangu mwanzo, hata yale ninayoyajua vizuri, kwa sababu nimegundua kwamba nikiyaacha kichwani huwa nayapunguza.

Kijijini wananiita Mwalimu Tabita, binti wa mwinjilisti. Nina miaka ishirini na sita. Niliokoka nikiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo nimesimama kanisani mara nyingi kusema kwamba pombe haijawahi kugusa midomo yangu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli hadi mwezi wa sita mwaka huu.

Asubuhi nafundisha darasa la pili. Jumatano na Ijumaa alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima, na huko ndiko nilikokutana na Mama Bukuru. Ni mjane, amepita hamsini. Mapacha wake, Bukuru na Butoyi, wameoa na kuhamia Gwarama. Vidole vyake vinene huishika penseli kama anayeshika mchi, na alikuwa akiipasua karatasi kwa kukandamiza. Mwezi ule ule alioanza kisomo alijiandikisha kwa Baba darasa la ubatizo. Nilimuuliza kwa nini amechukua yote mawili kwa pamoja. Akasema amechoka kusomewa Biblia na watu wanaochagua pa kuishia.

Nilimpenda tangu siku hiyo.

Kisha akakosa vipindi vinne mfululizo. Nikaenda kwake kumuulizia. Alikuwa nyuma ya nyumba, mikono imezama hadi viwiko ndani ya mti uliochongwa kama mtumbwi, anakamua ndizi mbivu kwa nyasi. Migomba yake imebaki mahameni, huko walikokuwa wakikaa kabla watu hawajahamishiwa kijijini, kwa hiyo hutembea asubuhi nzima kwenda kukata mikungu na kuibeba kichwani. Hiyo ndiyo sababu ya kukosa darasa. Aliniomba radhi kama mtoto wa shule. Kisha akachota kwenye chungu kilichokuwa pembeni, akanipa kikombe.

"Ni togwa?" nikauliza.

"Ilikuwa togwa juzi," akasema.

Nilimsikia. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikusikia vizuri, kwamba alisema haraka, kwamba Kiha chake kilichanganyika na Kiswahili. Nilisikia vizuri kabisa. Nikanywa.

Ulikuja kwanza moshi, kwa sababu ndizi zake huziivisha shimoni na moshi kidogo. Halafu utamu wa ndizi iliyoiva hadi ganda likawa jeusi. Halafu, nilipodhani imekwisha, ukaja uchungu mdogo wa mtama uliokaangwa, kama ukoko wa ugali unaokwanguliwa chini ya sufuria. Nikasimama na kikombe mkononi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kitu kinachonyweka kinaweza kuwa na mwanzo, katikati na mwisho.

Mama Bukuru alikuwa ananitazama. Hakucheka. Alikuwa na uso wa fundi anayesubiri mtu aseme kitu juu ya kazi yake. Nikasema, "Huu uchungu wa mwisho unatoka wapi?" Akaacha kukamua, akaketi chini na kunieleza kwa muda mrefu.

Nilirudi wiki iliyofuata. Nikarudi tena. Sikuwahi kulewa, na hili nalisema si kwa kujitetea bali kwa sababu ni kweli na linaongeza ubaya. Mlevi angeweza kusema pombe ilimshika. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, nikanywa kikombe kimoja, wakati mwingine kimoja na nusu, nikijua kila kitu. Nilijifunza kutofautisha ndizi za kwenye kichuguu na zile za bondeni. Nilijifunza kwamba mtama mwekundu ukikaangwa hadi uanze kupasuka huleta rangi lakini huua harufu, na kwamba siku za baridi lazima ule mtumbwi wa pombe ufunikwe majani mara mbili. Mama Bukuru hakuwa na haraka. Wengine huonja siku ya kwanza na kuuza. Yeye alikuwa akisema, "Pombe ya haraka ni ya walevi."

Nyuma ya daftari hili nimeandika kurasa sita juu ya pombe zake. Kila moja na siku yake, hali ya hewa, na jinsi ilivyokuwa mdomoni. Kwenye ukurasa mmoja nimeandika, "Hii ya leo ni kama kusikia wimbo ukiimbwa na mtu anayejua sauti zote." Sikuwahi kuandika namna hiyo juu ya kitu chochote, hata juu ya sala.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa natafuna majani ya mpera ili kuua harufu.

Majani yale ndiyo yaliyonipa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Mtu asiyefanya kosa hatafuni majani ya mpera.

Baba ana sababu zake za kuichukia pombe, na si za vitabuni. Alizaliwa Munanila, na babu alikuwa na migomba mingi na mtumbwi mkubwa kuliko wote pale. Akilewa alimpiga bibi. Siku moja alimpiga sikio, na tangu siku hiyo bibi hakusikia upande wa kushoto. Baba alikuwa na miaka tisa. Alijificha kwenye migomba hadi kulipopambazuka, na ndipo alipoapa. Nimeisikia habari hiyo tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa naikumbuka hata kikombe kikiwa mkononi, na bado nilikunywa.

Sasa Jumapili iliyopita.

Mchungaji anakuja mwezi ujao kubatiza, kwa hiyo Baba alisoma majina ya waliomaliza darasa. Jina la Mama Bukuru lilikuwa la tatu. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema kuna jina ambalo halistahili, maana mwenye jina hilo bado anapika pombe. Baba akamwita Mama Bukuru mbele. Akamuuliza kama ni kweli. Mama Bukuru akasema anapika, hajawahi kuficha, na kwamba hajawahi kumpa mtu aliyelewa. Watu wakaguna. Baba akasema darasani aliwaambia wote waache. Mama Bukuru akasema alisikia vibaya, alidhani wanaambiwa waache kulewa.

Baba hapendi kumwonea mtu. Alitaka kuwa na hakika. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa benchi la kwanza.

"Mwalimu, wewe unamfundisha na unafika kwake. Umeona nini?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kusema, naomba nisijibu. Ningeweza kuinama tu.

Nikasimama na kusema, "Nimeona anapika. Nimemwonya mara nyingi, lakini hasikii."

Niliisikia sauti yangu ikitoka, safi, sauti ya ubaoni. Mama Bukuru akageuka akanitazama. Nilisubiri aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na neno moja lingetosha, maana kila mtu angeuona uso wangu. Hakusema. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya kikombe cha kwanza, kisha akamwambia Baba, "Mwalimu amesema." Akachukua kitenge chake benchini na kutoka nje.

Jina lake likakatwa, kama la mtu aliyeonywa akakaidi.

Jumatano nilituma salamu shuleni kwamba ninaumwa tumbo. Ijumaa pia. Wanafunzi wangu wa kisomo, watu wazima wenye mashamba yanayosubiri kupandwa, walikuja wakakaa wakarudi.

Leo asubuhi niliamka nimeamua. Wakati wa ushuhuda nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilishika benchi la mbele yangu. Nikasema, "Ndugu zangu, nimewadanganya. Tangu mwezi wa sita nimekuwa nikinywa pombe."

Nilikuwa nimepanga kuendelea. Neno lililofuata lilikuwa jina la Mama Bukuru. Lakini nilipovuta pumzi, mama mmoja nyuma alianza kuimba wimbo wa shangwe, ule tunaomwimbia kila anayetubu, na wengine wakaupokea. Wakaja. Wakanikumbatia, wakanipiga mgongoni, wengine wanalia. Yule mzee wa kanisa alinishika mikono yote miwili akasema Bwana asifiwe kwa mwalimu asiyeona haya kutubu. Waliimba muda mrefu.

Nami niliwaacha waimbe.

Hili ndilo ninaloliona baya kuliko yote. Ule uongo wa Jumapili iliyopita ulinitoka kwa hofu, haukuchukua hata muda wa kupumua. Leo nilikuwa na muda. Wimbo ulikuwa na beti nne. Nilijua kwamba nusu niliyosema ndiyo nusu rahisi, kwamba kanisani kwetu anayetubu pombe hupendwa zaidi ya asiyeinywa. Nilisimama pale nikipokea upendo ule, na wimbo ulipokwisha nikakaa. Nilikuwa mshitaki, sasa nimekuwa shujaa, na Mama Bukuru bado yuko nje.

Baba hakunikumbatia. Alibaki mbele na Biblia yake, akaendelea na ibada.

Nyumbani nilisonga ugali wa muhogo, nikapasha maharage, tukala. Baba alikula matonge matatu au manne. Kisha akauliza, bila kunyanyua macho, "Ulikunywa kwa nani?"

Nikamwambia. Safari hii sikuacha kitu. Nilimwambia kikombe cha kwanza, majani ya mpera, kurasa sita. Nilimwambia kwamba sikuwahi kumwonya Mama Bukuru hata mara moja, kwamba niliposema vile kanisani nilikuwa bado naikumbuka ladha ya pombe ya Ijumaa iliyotangulia. Nilimwambia kwamba Mama Bukuru alijua nadanganya na akaninyamazia.

Baba alinawa mikono polepole. Nilidhani ataniambia habari za bibi na sikio lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Ilikuwa nzuri?" akauliza.

Sikuelewa. Akarudia. "Hiyo pombe. Ilikuwa nzuri?"

"Ndiyo, Baba."

Mvua ndiyo ilikuwa inaanza, matone makubwa juu ya bati la jirani.

"Ya baba yangu ilikuwa nzuri pia," akasema. "Watu walikuwa wanatoka ng'ambo ya mpaka kuja kuinywa. Nilikuwa natumwa kuionja kabla ya wageni, kwa kuwa nilikuwa na ulimi unaojua ladha. Sijawahi kumwambia mtu. Nina miaka hamsini na nane na bado naikumbuka. Unadhani ninahubiri dhidi yake kila mwezi kwa sababu gani?"

Nilimtazama baba yangu kama mtu niliyetambulishwa kwake leo. Nilitaka kumshika mkono lakini hatuna mazoea hayo. Yeye alikuwa ameshasimama, anatafuta koti lake.

"Twende," akasema. "Mimi nimekata jina la mtu kwa ushahidi wa uongo. Hili haliwezi kusubiri Jumapili ijayo."

Tulikwenda kwenye mvua, yeye mbele mimi nyuma. Watu walikuwa barazani kwao wakituangalia, na baadhi walinisalimia kwa furaha, bado wana wimbo wa asubuhi midomoni. Kila salamu iliniuma.

Mama Bukuru alikuwa jikoni akipepeta maharage. Alitukaribisha tukakaa kwenye kigoda na benchi dogo. Kitabu chake cha kisomo kilikuwa juu ya rafu ya matete, kimefungwa kwenye kitambaa. Baba hakuketi vizuri, alikaa ukingoni kama aliyekuja kuposa.

"Mama Bukuru," akasema, "nilikuhukumu kwa maneno ambayo hayakuwa kweli. Binti yangu amenieleza. Jina lako nitalirudisha, na Jumapili nitawaambia watu kwa nini."

"Utawaambia yote?"

"Yote. Na yeye atakuwa amesimama pembeni yangu."

Mama Bukuru aliendelea kupepeta. "Na mtumbwi wangu?"

Baba akatikisa kichwa. "Mtumbwi siwezi kuubariki."

"Sijaomba ubarikiwe. Ulikuwa wa mama yangu. Naomba tu usije mtu kuuvunja."

"Hakuna atakayeuvunja. Mchungaji akija nitamweleza kila kitu, aamue yeye juu ya ubatizo. Sitakudanganya, anaweza kukataa."

"Ego," akasema, ndiyo yake ya Kiha, bila kunyanyua kichwa. "Nimesikia."

Nikajua sasa ni zamu yangu. Nilipiga magoti pale kwenye majivu, jambo ambalo sikupanga. Nikasema nilichokwenda kusema, na hapa siwezi kukiandika kwa sababu kilitoka vibaya, maneno yamekatikakatika, nusu Kiha. Nilimwomba anisamehe. Aliweka ungo chini.

"Inuka, Mwalimu. Nguo yako."

Sikuinuka.

"Mimi sikukasirika kwamba uliogopa," akasema. "Kila mtu anaogopa, hata mimi. Lakini ulipoulizwa, ungenyamaza. Kunyamaza tu kungenitosha. Ningejua ni hofu, na tungekuwa tumebebana. Wewe ulisema ulinionya. Mimi nilikuwa nafikiri nimepata mtu anayejua ninachofanya. Tangu mama yangu afe hakuna aliyewahi kuniuliza uchungu wa mwisho unatoka wapi. Watu wanakunywa, wanafuta midomo, wanakwenda. Wewe uliuliza."

Baba alikuwa anaangalia nje.

"Jumatano utafundisha?" Mama Bukuru akaniuliza.

"Nitafundisha."

"Basi nitakuja, kwa sababu sijamaliza kusoma. Darasani nitakuja. Hapa kwangu usije tena."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata mahali pa kushika. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa ghala kwa sababu mvua inanyesha. Kisha akamuuliza Baba habari za Mama na mtoto mchanga wa Kasulu, na Baba akamjibu, na tukaaga.

Njiani Baba alitangulia tena. Karibu na nyumbani alipunguza mwendo ili nimfikie, tukaenda sambamba hadi mlangoni. Hilo ndilo alilonipa leo, na ni zaidi ya ninavyostahili.

Sasa giza linaingia na nimebakiza jambo moja, ambalo nilitaka kuliacha.

Tulipotoka jikoni kwa Mama Bukuru tulipita nyuma ya nyumba, na mtumbwi ulikuwa umefunikwa majani mabichi ya mgomba, mara mbili, kwa sababu ya baridi. Nilisikia harufu. Ni ya juzi, itakuwa tayari keshokutwa, na mtama wake haukukaangwa sana, nadhani ni ule mweupe ambao hakuwahi kuutumia nikiwepo. Nilikuwa nimetoka kupiga magoti. Machozi yalikuwa bado usoni. Na jambo la kwanza lililonijia, kabla ya Mungu, kabla ya Baba aliyekuwa ameloa mbele yangu, hata kabla ya Mama Bukuru mwenyewe, ni kwamba ile sitaionja.

Jumapili nitasimama pembeni ya Baba na kusema kilichobaki. Watu wakianza kuimba, nitaomba wanyamaze kwanza. Na wakiniuliza kama pombe ile ilikuwa mbaya, sitasema ndiyo ili wanipende. Sijui watanifanya nini. Huenda sasa likakatwa jina langu.

Kabla ya hapo kuna Jumatano. Nitafika mapema, nifagie darasa, nifute ubao. Atakapoingia nitamwamkia kama mwalimu anavyomwamkia mtu mzima aliyekuja kusoma, na sitamtazama usoni mpaka yeye aanze.